Jibu kwa fundi wa Kizota: rolakosta ya mita 195 inashikwa na nini?

Swali: *Mimi ni fundi wa kuchomelea hapa Kizota, Dodoma. Vijana wa karakana wamenionyesha kwenye simu rolakosta mpya ya Saudi Arabia, wanasema ina mita 195 na inakimbia kilomita 250 kwa saa. Tukabishana. Mmoja anasema treni yake ina injini, mwingine anasema inateremka tu yenyewe. Naomba kujua inashikwa na nini isichomoke relini, kwa nini wasiende mpaka mita 300, na je, ndogo ya mita sita hivi ya watoto tunaweza kuichomelea wenyewe kwa paipu za hapa?*

Jibu: Fundi, katika ubishi wenu kila mmoja ameshika kipande cha ukweli. Ndani ya treni hakuna injini. Rolakosta ya kawaida huvutwa na mnyororo au waya wa chuma hadi kileleni, na ikishaachiwa hapo inaishi kwa urefu ule mpaka mwisho wa safari. Ila hiyo ya Saudi Arabia, Falcon's Flight ya Qiddiya, haiwezi kufika kilomita 250 kwa kuteremka peke yake, na hilo unaweza kulihakiki kwa kikokotoo cha simu.

Chukua mita za mteremko, zidisha kwa 19.62, tafuta kipeuo cha pili. Umepata mita kwa sekunde. Zidisha kwa 3.6 upate kilomita kwa saa. Tuanze na Millennium Force ya bustani ya Cedar Point, Ohio, Marekani, iliyofunguliwa mwaka 2000: kilele mita 94.5, mteremko wa kwanza mita 91. Hesabu inatoa kilomita 152 kwa saa, na kasi yake halisi ni 150. Yaani upepo na msuguano vimekula kilomita mbili tu. Treni ya SGR inayowafikisha Dodoma kutoka Dar es Salaam ina kasi ya juu ya 160 na inavutwa na umeme njia nzima, wakati hii imepata kasi inayokaribiana na hiyo kwa kuteremka tu.

Sasa weka 195. Unapata 223. Hata treni ingedondoka wima bila hewa yoyote ya kuizuia, 250 isingefika. Kinachoongeza ni mota za sumaku zilizopangwa kandokando ya reli. Ichukulie kama mota ya kawaida ya umeme iliyopasuliwa na kunyooshwa: sehemu ya nje yenye koili imelazwa kwenye njia, na sehemu ya ndani ndiyo treni, yenye safu ya sumaku chini ya mabehewa. Umeme ukipita kwenye koili moja baada ya nyingine, sumaku zinavutwa mbele bila chochote kugusana. Na hizo mita 195 si mnara uliosimama peke yake uwanjani, kwani njia imejengwa kwenye ukingo wa mwamba wa Tuwaiq, na mlima wenyewe unatoa sehemu ya urefu.

Rekodi zenyewe zimepanda hivi. Mwaka 1959 kampuni ya Arrow ilijenga Matterhorn pale Disneyland, California, rolakosta ya kwanza kutumia reli za paipu za chuma. Haikuwa kubwa, lakini wote waliofuata wamepita njia ile. Magnum XL-200 ilifika mita 62.5 mwaka 1989. Mwaka 2000 Millennium Force ilipopanda hadi 94.5, Wajapani wakaipita mwaka huohuo kwa Steel Dragon 2000, mita 97, na urefu wa njia mita 2,479. Top Thrill Dragster ilifika mita 128 mwaka 2003. Kingda Ka ya New Jersey ilifika 139 mwaka 2005, ikitoka kusimama hadi kilomita 206 kwa saa ndani ya sekunde tatu na nusu. Formula Rossa ya Abu Dhabi ilichukua rekodi ya kasi mwaka 2010 kwa kilomita 240 ingawa kilele chake ni mita 52 tu. Kwa kuteremka peke yake isingezidi 115. Kisha ikaja hiyo ya vijana wako, yenye njia ya mita 4,250. Kingda Ka haipo tena. Ilifungwa mwishoni mwa 2024 na ikaangushwa kwa baruti tarehe 28 Februari 2025.

Watu wengi wakisikia mota hizi hudhani zinakula umeme wa mji mzima. Sivyo. Tuseme treni yenye abiria ina tani 12 na inarushwa hadi kilomita 206 kwa saa. Nishati inayoingia ndani yake ni kama megajuli 19.6, ambazo kwa lugha ya LUKU ni uniti tano na nusu. Uniti tano na nusu! Hizo nyumba nyingi huzimaliza ndani ya siku chache kwa friji, taa na pasi. Tatizo ni muda. Uniti hizo zinatakiwa ndani ya sekunde tatu na nusu, na hiyo ni wastani wa megawati tano na nusu, na zaidi ya hapo kwenye kilele cha msukumo. Hakuna anayeruhusiwa kuvuta hivyo kwenye laini ya kawaida kila dakika moja, taa za mtaa mzima zingekuwa zinapepesa. Kwa hiyo nishati hukusanywa polepole na kuhifadhiwa, halafu hufunguliwa kwa mkupuo. Kingda Ka ilihifadhi kwa mafuta ya haidroliki yaliyogandamiza gesi ya naitrojeni kwenye mitungi. Mafuta yale yaliporudi kwa nguvu yalizungusha mota zilizofunga waya kwenye ngoma, na waya ndio ulioivuta treni. Mfumo ule ulikuwa na nguvu kweli, lakini waya unachakaa, mafuta yanapata joto, na kila kitu kinachogusana kinalika. Top Thrill Dragster ilipofanyiwa ukarabati mkubwa na kurudi kama Top Thrill 2 mwaka 2024, waya na mafuta viliondolewa, zikawekwa mota za sumaku.

Kuhusu mita 300, hebu tuondoe dhana moja. Nguzo ya chuma ya mita 300 haimtishi mhandisi yeyote, minara ya mawasiliano ya urefu huo ipo. Kazi ipo chini, pale treni inapogeuka kutoka kushuka kwenda mlalo. Ukitaka abiria ahisi uzito wake mara nne na si zaidi, nusu kipenyo cha pinda ile kinatoka theluthi mbili ya urefu wa mteremko. Mteremko wa mita 90 unataka nusu kipenyo cha mita 60. Mteremko wa mita 300 unataka mita 200, na vilima vyote vinavyofuata, kona zote, vinakua kwa kiwango hichohicho. Eneo linakuwa kubwa kama shamba, tani za chuma zinapanda, na abiria analipa tiketi ileile. Pia hewa haisamehe. Ukitoka kilomita 150 kwenda 250, upinzani wa hewa unaongezeka karibu mara tatu, na nguvu ya kuushinda karibu mara tano. Ndiyo maana Formula Rossa huwapa abiria wa mbele miwani ya kujikinga. Vumbi kwenye kasi ile ni mchanga unaorushwa usoni.

Lakini kama ningeulizwa kitu kimoja kinachozuia rekodi, nisingesema ardhi wala hewa. Ningesema gurudumu.

Ulitaka kujua treni inashikwa na nini. Kila kona ya behewa ina magurudumu ya aina tatu yanayoikumbatia paipu ya reli. Ya juu yanabeba uzito. Ya pembeni yanazuia treni isiyumbe kushoto na kulia. Ya chini yanashika reli kwa chini, ili treni inapofika kwenye kilima na kutaka kuruka, isiruke. Hayo ya chini John Miller wa Marekani aliyapatia hati miliki mwaka 1919, enzi za rolakosta za mbao. SGR haina magurudumu ya chini kwa sababu haitarajiwi kuruka hata siku moja. Kwa hiyo hata mikanda yote ikiwa wazi, treni yenyewe haiwezi kutoka relini labda mhimili au fremu ya magurudumu ikatike.

Sasa tazama gurudumu lenyewe. Kitovu chake ni alumini, na juu yake kuna tairi la poliurethani au nailoni lililogandishwa kwenye alumini ile. Si chuma juu ya chuma kama la treni, maana kelele na mtikisiko vingewatoa watu meno. Poliurethani ni laini, safari inakuwa tulivu, lakini kila inapobonyea na kurudi inatengeneza joto ndani yake, na joto hilo halina pa kutokea kwa haraka. Gurudumu la kipenyo cha sentimita 30 likienda kilomita 150 kwa saa linazunguka kama mara 2,650 kwa dakika. Likienda 250 linazunguka zaidi ya mara 4,400. Joto likizidi, tairi linalainika, linapata mapovu ndani, mwisho linabanduka kwenye kitovu. Nailoni ni ngumu zaidi, haipati joto sana na inakimbia vizuri, ila inatikisa. Waendeshaji wengi huchanganya aina hizi mbili kwenye treni moja kulingana na baridi na joto la siku, kwa sababu asubuhi ya baridi treni yenye magurudumu laini tupu inaweza kukosa kasi na kukwama kati ya vilima viwili.

Steel Dragon 2000 ilipoteza gurudumu likiwa mwendoni mwaka 2003, likaruka na kumjeruhi mtu aliyekuwa kwenye bwawa la kuogelea la karibu. Ilikaa imefungwa hadi 2006. Top Thrill 2 ilifunguliwa Mei 2024, ikafungwa baada ya siku chache ili mtengenezaji ayafanyie mabehewa mabadiliko ya kimakanika, na msimu wote ule ukapita. Mnara ulikuwa umesimama kama kawaida. Mabehewa ndiyo yaliyousimamisha mradi wa mamilioni ya dola.

Sasa tuje kwenye sehemu yako, chuma na weldi.

Kwa nini paipu? Fanya jaribio hili karakanani. Kata vipande viwili vya paipu ya inchi mbili yenye unene wa milimita mbili, kila kimoja mita moja. Kimoja kiache kama kilivyo. Cha pili kipasue kwa grenda mstari mmoja mwembamba, kutoka mwanzo hadi mwisho. Bana ncha moja kwenye jiriwa, ncha ya pili ishike kwa spana ya paipu, ukisokote. Kile kizima kitagoma. Kile kilichopasuliwa kitasokotwa kama kadibodi, kwa sababu ukinzani wake dhidi ya kusokotwa umepungua zaidi ya mara 400, na hujaondoa hata gramu mia ya chuma. Njia ya rolakosta inasokotwa kila inapopita kona iliyolala, kwa hiyo kila kitu pale ni umbo lililofungwa, ama paipu ama boksi. Kampuni ya Bolliger & Mabillard ya Uswisi hutumia boksi kubwa kama uti wa mgongo na paipu mbili juu yake kama reli. Mbao hazina tabia hiyo. Waliojaribu kufikisha mbao kwenye mita 66 kwa Son of Beast, Ohio, mwaka 2000, waliifunga 2009 na kuivunja 2012.

Paipu hizo hukunjwa baridi kwenye mashine yenye rola, kipande kwa kipande, kwa kufuata vipimo vya kompyuta. Pinda hazifuati reli, zinafuata kifua cha abiria. Behewa linapolala kwenye kona, mhimili wa kulala unapita usawa wa moyo wake, na reli ndiyo inayozungushwa kuuzunguka mhimili huo. Ukikunja kwa kufuata reli, kichwa cha abiria kinatupwa upande kwa nguvu na shingo ndiyo inayolipa.

Vipande hukutana kwa flenji na bolti za daraja la 10.9. Hukazwa kwa spana ya torki kwa mizunguko miwili, halafu fundi anachora mstari wa rangi unaopita juu ya nati na kushuka kwenye flenji. Asubuhi mkaguzi anapita na tochi. Mstari ukiwa umevunjika, nati imesogea, na siku hiyo haianzi mpaka ijulikane kwa nini. Bolti iliyolegea haikazwi tu tena na kuachwa. Inatolewa, inawekwa mpya.

Hatari kubwa kwenye weldi ni uchovu wa chuma, na huo haukamatwi kwa kupakia mzigo mzito mara moja. Hesabu: treni 30 kwa saa, saa kumi kwa siku, siku 300 kwa mwaka, ni mapito 90,000 kwa mwaka. Miaka 20 ni 1,800,000, na kila pito lina ekseli kadhaa. Weldi iliyobeba tani kumi kwa utulivu inaweza kupasuka kwa tani mbili zinazokuja na kuondoka mara milioni. Kanuni ya kukumbuka ni kwamba ukiongeza mara mbili tofauti ya mkazo kati ya kupakia na kupakua, maisha ya weldi yanapungua mara nane. Ufa huanzia ukingoni, pale weldi inapokutana na chuma mama, hasa ikiwa umeacha kijifereji kwa kutumia moto mkali. Fundi mzuri wa mageti anakiona kijifereji kile na kukipaka rangi. Geti halina shida nacho. Nguzo ya rolakosta inakihesabu kila siku.

Mfano ulioonekana na dunia nzima ni Fury 325 ya Carowinds, mpakani mwa North Carolina na South Carolina, yenye mita 99. Tarehe 30 Juni 2023 mgeni aliyekuwa nje alirekodi kwa simu nguzo moja ya chuma ikiwa imekatika karibu na sehemu inapoungana na njia. Treni ilipopita, njia ilisogea na ufa ukafunguka wazi, ungeweza kuona mwanga upande wa pili. Bustani ilifunga, nguzo ikabadilishwa yote, na abiria wakarudi Agosti. Angalia mambo mawili hapo. Njia haikuanguka, kwa sababu nguzo za jirani zilibeba mzigo wa ile iliyokatika, na hivyo ndivyo inavyotakiwa kusanifiwa. Na aliyeona hakuwa mkaguzi. Ufa ulikuwa juu, na macho ya kila siku yalikuwa chini.

Ufa mdogo kuliko huo unautafuta kwa dawa ya rangi, na hii unaweza kuifanya hata Kizota. Ondoa rangi na gamba, safisha mafuta kabisa, puliza dawa nyekundu, subiri dakika 10 hadi 15, futa kwa kitambaa, kisha puliza dawa nyeupe. Palipo na ufa, wekundu unachuruzika juu ya weupe kama mstari wa kalamu. Usimwage kisafishio moja kwa moja juu ya weldi wakati wa kufuta, utaitoa dawa ndani ya ufa na kujidanganya kuwa pazuri. Kwa nyufa zilizo chini kidogo ya uso hutumiwa sumaku na unga wa chuma, na kwa zilizo ndani zaidi, mawimbi ya sauti. Bustani kubwa hufungua treni zote kila mwaka, hutoa ekseli na fremu za magurudumu, na kuzipima moja moja hivyo.

Breki nitazipitia haraka. Nyingi leo ni bamba la shaba linalopita katikati ya sumaku kali. Mikondo ya umeme inazaliwa ndani ya bamba na kuipinga treni, bila umeme wa TANESCO na bila kugusana. Zina kasoro moja: kadiri treni inavyopunguza mwendo, ndivyo nguvu inavyopungua, kwa hiyo haziwezi kuisimamisha kabisa. Mwisho wa njia lazima pawe na breki za kubana, na hizo hufungwa na springi na kufunguliwa na upepo wa kompresa. Upepo ukiisha, zinafunga. Aliyezijenga kinyume, upepo ufunge na springi ifungue, ametengeneza mtego.

Jambo la treni mbili kwenye njia moja lina kanuni yake: njia hugawanywa vipande, na kipande kimoja hakipokei treni mpaka iliyotangulia itoke. Tarehe 2 Juni 2015 kwenye The Smiler ya Alton Towers, Uingereza, kompyuta iliisimamisha treni yenye watu 16 kwa sababu mbele kulikuwa na treni tupu iliyokwama. Mafundi waliamini kompyuta imekosea, wakaipuuza na kuiruhusu treni iende. Watu wote 16 waliumia, na wanawake wawili walikatwa mguu mmoja kila mmoja. Kampuni ilitozwa faini ya pauni milioni 5. Kompyuta ilikuwa sahihi siku ile.

Sasa Dodoma. Mji uko kama mita 1,100 na kitu juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kwa karibu sehemu moja ya kumi kuliko ya Dar. Kwa rolakosta hiyo ni faida ndogo, upinzani unapungua kwa kiasi hichohicho. Faida inaishia hapo. Asubuhi ya Julai reli inaweza kuwa na nyuzi 15, na saa nane mchana chuma kilichopigwa na jua kikawa na 55. Tofauti ya nyuzi 40 inarefusha mita 100 za chuma kwa milimita 48. Ukizibana ncha zote mbili kwenye zege, nguvu ile itatafuta pa kutokea, na itatokea kwenye weldi. Vumbi letu jekundu likiingia kwenye beringi isiyo na kizibo kizuri linakuwa sandpepa. Ardhi nayo si moja. Penye mwamba wa matale, kama vilima vinavyouzunguka mji, msingi ni imara. Penye udongo mweusi wa mbuga, udongo unavimba mvua za Desemba hadi Aprili na kupasuka kiangazi, nguzo moja inapanda na jirani yake inashuka, na njia inapinda bila mtu kuigusa. Ongeza kuwa tuko kwenye ukanda wa Bonde la Ufa na matetemeko yanasikika. Steel Dragon ilikula chuma kingi kuliko rolakosta za ukubwa wake kwa sababu Japani inatetemeka.

Kuhusu mita sita za watoto. Kasi chini ya mteremko itakuwa kilomita 39 kwa saa, sawa na bodaboda mtaani. Kwa watoto usizidishe uzito mara mbili na nusu, kwa hiyo nusu kipenyo cha pinda ya chini kisipungue mita nane. Hivyo njia nzima inataka eneo kubwa kuliko unavyofikiri, na skwea paipu ya dirishani haina nafasi hapo.

Jibu langu ni kwamba njia, ekseli, fremu za magurudumu na viti msivichomelee wenyewe. Si kwa sababu mkono wenu ni mbaya. Ni kwa sababu hakuna njia ya kujua umri wa weldi zile bila mahesabu ya uchovu, chuma chenye cheti cha kiwanda, na vipimo. Paipu za dukani mara nyingi hazina cheti, na unene ulioandikwa si lazima uwe unene uliopo; pima kwa kalipa kwenye ncha zote mbili utaona. Vijiti vya 6013 mnavyotumia kwa mageti havitoshi kwa kiungo kinachopigwapigwa. Hapo hutakiwa aina ya 7018, na hiyo lazima ikaushwe kwenye oveni kabla ya kutumika, maana unyevu ukiingia unatoa haidrojeni, na haidrojeni hupasua weldi saa kadhaa baada ya wewe kwenda nyumbani.

Mwekezaji akija, aagize njia na treni kutoka kwa mtengenezaji anayefuata kiwango cha EN 13814 au ISO 17842, na mje na mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi kukagua msingi. Kabla ya kusaini, omba vitu hivi: kitabu cha ukaguzi wa kila siku, wiki na mwaka, orodha ya vipuri vinavyobadilishwa kwa saa za kazi, kikomo cha upepo cha kusimamisha mchezo, na michoro inayoonyesha weldi zipi zipimwe kwa dawa au sumaku. Asiyekuwa na hivyo anauza chuma chakavu chenye rangi mpya, na mitambo ya namna hiyo iliyotumika inauzwa sana mtandaoni.

Kazi yenu ipo, na ni nyingi: jukwaa la kupandia, ngazi, njia ya juu ya mkaguzi ili afike kwenye kila kiungo badala ya kukitazama kutoka chini, vikapu vya bolti za msingi, na ua. Ua msiuchukulie poa. Mwaka 2015 pale Cedar Point mtu aliruka ua kufuata simu yake iliyodondoka chini ya rolakosta iitwayo Raptor, treni ikampiga akafa. Kwa watoto wekeni mita mbili, nondo za wima tu zisizo na pa kukanyagia, nafasi kati yake isizidi sentimita kumi, na geti la fundi lenye swichi inayokata umeme wa mnyororo likifunguliwa.